Ndono Chini ya Dirisha

Ilemela, Mwanza
14 Mei 1961

Mke wangu mdogo Wilhelmina,

Pokea salamu nyingi kama dagaa wa siku za giza. Mimi mumeo mzee bado napumua, meno yamebaki manne na hayaonani. Bibi yako Teodora, yaani mke mwenzio, ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Kuku wametotoa vifaranga kumi na wawili, kenge amekula watano, tumemlaani mpaka ukoo wake. Tangu tupewe madaraka ya ndani, hapa mjini kila mtu ni mheshimiwa. Yule muuza mihogo wa gatini ukimwita "wewe" anakuuliza wewe ni nani. Mimi nimebaki mfagiaji wa hospitali, maana uchafu haujui serikali.

Sasa nisikilize. Bibi yako alipotoka huko kwako hakunisalimu. Alikaa kwenye kigoda, hakuvua hata kanga ya safari, akasema, "Rovu la Wilhelmina pale shingoni limekuwa kama embe dodo. Analala amekaa, ameegemea ukuta. Akilala chali anakoroma kama mtu anayekabwa." Nikamwambia labda huyo mumewe Chenge ndiye anayemkaba, amegundua mkewe ana mume mwingine Ilemela. Hakucheka. Miaka arobaini na tano namjua mwanamke huyu, akishindwa kunicheka jambo limefika.

Njoo upasuliwe. Daktari wetu ni yule Mzungu mrefu tunayemwita Bwana Kimya, kwa sababu maneno yake ya siku nzima hayajazi kiganja. Ameshatoa marovu sita tangu mwaka juzi. Wote sita wanapumua.

Najua unaogopa, na sitakudanganya. Kwa rovu kubwa namna hiyo hawakulazi usingizi, wanasema dawa ile inaweza kumaliza pumzi iliyokwisha kubanwa. Unachomwa sindano za ganzi shingoni, unabaki macho makavu unatazama dari. Dari nimelifagia mimi, halina buibui.

Lakini hutakuwa peke yako na kisu. Nitakuwa chini ya dirisha na ndono yangu. Unaikumbuka? Ule upinde wenye kibuyu ulioutumia kupiga mbuzi ulipokuwa na miaka sita. Ilianza hivi: aliletwa mchonga mitumbwi wa Nyegezi, mamba amemtafuna mguu. Wanamshona, anapiga kelele mpaka kunguru wamehama. Mimi niko nje nangoja ndoo, nikaanza kupiga ndono nisimsikie. Yule mtu akanyamaza. Nesi Getruda akatoka, mikono kiunoni: "Mzee Nkwabi, nani amekuruhusu?" Nikamjibu, "Masikio yangu." Akasema, "Daktari anasema uendelee."

Tangu siku hiyo, jino, jipu, mfupa uliovunjika, kwanza waulize Nkwabi yuko wapi. Maumivu hayaondoki, mjukuu wangu. Yanakaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Ila mtu anapata mahali pa kuweka masikio yake.

Njoo basi, kabla sijaoa mwingine.

Babu yako na mumeo,
Nkwabi

*

Shule ya Misheni, Sengerema
2 Juni 1961

Babu Nkwabi, shikamoo,

Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kucheka. Huku hatujambo. Pamba imeiva yote kwa pamoja, shule imebaki na nusu ya watoto, nusu wapo mashambani wanachuma. Viazi vya mwaka huu ni vizuri, nimevikausha michembe, nitakuwekea debe moja. Chenge anakusalimu. Anauliza ni lini utakuja kuwaona wenzao wa wale ng'ombe wa mahari uliowala bila kufika harusini. Nilimwambia ulishikwa na tumbo. Akasema tumbo gani linalochagua siku.

Babu, umeandika kwamba wote sita wanapumua. Hukuandika kama wote sita wanaongea.

Nina watoto themanini wa darasa la kwanza. Vitabu ni kumi na vinne. Vitabu vyao vingine ni mimi: naimba herufi, wanaitikia. Sasa nikifika "ma, me, mi" inabidi nisimame nivute pumzi, na wao wanajifunza kusimama hapohapo, wanadhani ndivyo inavyosomwa. Usiku mwingine naamka nimeshika shingo kwa mikono miwili. Naogopa kukosa pumzi. Lakini ukiniuliza kweli, naogopa zaidi kuamka pale hospitali na kufungua mdomo pakatoka upepo.

Kuna jingine. Baba mkwe hataki. Unajua Mzee Masalu alipasuliwa ngiri hospitali hiyohiyo, miaka minne iliyopita, kabla sijaolewa? Alienda kwa miguu yake, akarudi anaburuta wa kushoto mpaka leo. Hasemi kilichotokea. Ukitaja hospitali anainuka, anachukua fimbo, anaondoka. Juzi alimwambia Chenge nikiwa nje ya mlango: "Mkeo akienda pale, mimi simo." Na Chenge hawezi kumvuka baba yake.

Wewe unafagia pale miaka kumi. Ulikuwepo? Unamkumbuka?

Mjukuu wako,
Wilhelmina

*

Ilemela
29 Juni 1961

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Michembe ya debe moja ni ya mtu mmoja, sisi ni wawili na mmoja wetu anakula kama wawili, simtaji. Vifaranga wamebaki wanne.

Umeuliza maswali mengi kama karani wa kodi. Wa sita, mama mmoja wa Ukerewe, anaongea kwa mnong'ono. Mumewe hajalalamika. Bwana Kimya anasema kuna uzi kwenye shingo, mwembamba, ndio unaobeba sauti, umelala nyuma ya rovu. Kwa hiyo anataka mgonjwa awe anaongea wakati wote anapokatwa. Sauti ikibadilika, anajua kisu kimesogea karibu, anakirudisha. Yule mama aliogopa, akanyamaza. Daktari akawa anakata gizani, kama kusema.

Kuhusu huyo Masalu, wagonjwa ni wengi, mguu ni mguu, sikumbuki.

Halafu vidole vyangu siku hizi vimekakamaa asubuhi. Sidhani kama nitaweza kupiga ndono tena. Labda ungefikiria hospitali ya mbali kidogo. Nasikia Bukoba wapo madaktari wazuri. Usimlazimishe baba mkwe, wakwe ni kama chungu cha moto, hushikwa kwa majani.

Bibi yako anakusalimu. Mimi pia.

Nkwabi

*

Sengerema
15 Agosti 1961

Babu, shikamoo.

Sote wazima, pamba imekwisha, ng'ombe wazima. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Jumatatu nilianguka darasani. Nilikuwa naandika ubaoni, macho yakawa meusi, nikashtukia niko chini na watoto wamenizunguka, mmoja ananipepea kwa kibao chake. Mganga wa zahanati alinipima, akaweka kidole hapa na hapa. "Mwalimu, mvua za vuli zikikukuta na hili shingoni, na kikohozi kikakushika, sijui." Nilimuuliza Bukoba. Alinitazama kama anamtazama mlevi. "Meli usiku kucha, na pumzi hiyo? Mwanza iko hapo mbele ya macho yako."

Babu, mwezi wa tano vidole vyako vilikuwa vinapiga. Mwezi wa sita, nilipotaja jina la mkwe wangu, vikakakamaa. Mimi nafundisha watoto wa miaka saba. Najua uso wa mtoto aliyevunja kibuyu, hata akiwa ameugeuzia ukutani.

Sijakuuliza kwa ubaya. Sina mtu mwingine hapo. Nikilazwa kwenye kile kitanda nitamwongelesha nani? Bwana Kimya?

Niambie ulichofanya. Nikijua, nitajua la kumwambia Mzee. Usiponiambia, nitakaa hapa nisubiri vuli.

Wilhelmina

*

Ilemela
3 Septemba 1961

Wilhelmina,

Marahaba. Kuku wazima, bibi yako mzima. Barua hii nimeianza mara tatu, mbili amewashia moto. Anajua ninachokuandikia. Ameniambia nisipoituma atakuja kukusimulia mwenyewe, na yeye huongeza chumvi.

Wewe ni mtoto wa misheni, unadhani ngoma ni ngoma. Kwetu sisi wa zamani ngoma ilikuwa vita. Wagika huku, Wagalu kule, kila chama na mganga wake na dawa zake, siku nzima mnachezeana, na mwisho umati ukikimbilia upande mmoja, upande mwingine umekufa. Mimi nilikuwa mwimbaji wa Wagika. Masalu alikuwa mchezaji wa Wagalu, na kama hujawahi kumwona akicheza basi hujaona miguu. Mwaka wa nzige tulikutana nao. Tulikuwa na wimbo mmoja, mganga wetu aliuogesha dawa. Maneno yake siyaandiki yote, ila yanasema: miguu yenu tumeifunga, haitanyanyuka, iache hapa, nendeni kwa matumbo. Nilipouimba Masalu alijikwaa, akaanguka mbele ya watu elfu. Umati ukaja kwetu. Niliringa mwaka mzima.

Sasa miaka minne iliyopita naona anaingia mzee, ngiri imemjaa kama kitita cha pamba. Nikamjua palepale. Yeye hakuniona, mimi nilikuwa nje na ndoo. Akakalishwa kitandani, amekunjwa kama kambale wa kubanikwa, Bwana Kimya nyuma yake na ile sindano ndefu ya mgongo. Getruda akanigongea kioo cha dirisha, maana yake piga.

Wilhelmina, mimi ni mzee mpumbavu. Nikaona huu ni utani mzuri kuliko utani wote. Nikasema moyoni, akisikia wimbo ule atatukana, atacheka, sindano itapita hajui. Nikaupiga. Nikauimba na maneno.

Sindano ya mgongo hufanya nini? Inaua miguu. Ndiyo kazi yake. Yule mtu ameketi uchi katika chumba cha watu asiowajua, miguu inaanza kufa kutoka vidoleni, na dirishani inaingia sauti inayomwambia miguu yako tumeifunga.

Nilisikia akipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia hata kwa wale wanaokatwa. Aliruka. Aliruka na sindano mgongoni. Getruda na wasaidizi wawili hawakuweza kumshika. Nilidondosha ndono, nikatazama kupitia dirishani, akaniona. Tukatazamana.

Daktari alidhani ni hofu tu. Waliendelea siku nyingine, ngiri ikatoka, mguu haukurudi. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujitolea. Mwezi mmoja sikugusa ndono, wakaniita tena kwa ajili ya mtoto aliyeungua, nikaenda. Tangu hapo huwa napiga nyimbo za kulima tu.

Halafu mwaka juzi anakuja mjomba wako na mshenga, ananitajia jina la baba yake Chenge. Ndilo lile tumbo lililochagua siku.

Sasa unajua. Nimewapasua watu mbavu kwa vicheko maisha yangu yote na sikuogopa mtu. Tangu barua yako ya kwanza naogopa kila asubuhi. Nikikupigia, naogopa mikono yangu. Nisipokupigia, utanyamaza kama yule mama wa Ukerewe.

Mwambie Masalu, au usimwambie. Mimi nimechoka kuchagua.

Nkwabi

*

Sengerema
24 Septemba 1961

Babu, shikamoo.

Nilikaa na barua yako siku nne, nimeificha chini ya mkeka. Siku ya tano nilimwomba Chenge amwite baba yake. Mzee alikaa kwenye kigoda amenipa mgongo, kama tunavyokaa siku zote, mimi nikiwa ndani ya mlango. Ni mwiko wa mkwe: hajawahi kunisemesha uso kwa uso wala kuniita kwa jina, nami sijawahi kutaja lake mbele yake. Nikaisoma yote, jina lake tu nikiliruka. Nilipofika kwenye sindano sauti ilikata, nikadhani ni rovu, kumbe ni machozi.

Akasema, "Rudia pale kwenye utani."

Nikarudia.

"Mwanangu," akamwambia Chenge, siyo mimi, "muulize mkeo. Mganga wao hakuwepo?"

"Hakuwepo, baba," nikasema. "Alikuwa peke yake na ndoo."

"Hakukuwa na dawa?"

"Ni dawa ya daktari tu. Kila mtu anafanywa hivyo, miguu hufa, halafu inarudi. Yako ingerudi, kama usingeruka."

Babu, unajua miaka hii minne amefanya nini? Amekwenda kwa waganga mpaka Shinyanga kufunguliwa. Amechanjwa miguu yote miwili. Harusini kwetu hakucheza hatua moja, watu wakasema ana maringo. Alidhani akicheza, watamfunga na wa pili.

Kisha akaanza kutukana. Sijawahi kusikia matusi kama yale, na yalikuwa yako yote: fisi mfagiaji, kinyesi cha kiboko, Mgika asiye na haya. Chenge aliinama anashika tumbo, sijui kucheka au nini. Mzee alipochoka akasema, "Mwambie mkeo ajiandae. Tutakwenda. Na mimi nitakuja. Nitakaa karibu na huyo fisi, bega kwa bega, na fimbo hii. Akipiga wimbo mmoja wa Kigika kwa mke wa mwanangu, wataupasua mkono wake baada ya shingo ya huyu."

Tutavuka na boti ya Kamanga tarehe kumi na tano Oktoba. Mimi nataka wimbo wa kulima, ule wa safu ndefu, mmoja anatupa na wote wanadaka. Nitupie, nami nitadaka. Nikiacha kudaka, babu, usiache kutupa.

Naogopa sana. Nimewafundisha watoto herufi zote mpaka "wa, we, wi", nimekimbia ili nimalize kabla ya kisu.

Wilhelmina

*

Ilemela
6 Novemba 1961

Mke wangu mdogo asiye na mdomo,

Natumaini mlivuka salama kurudi kwenu na Chenge alikushika vizuri, ingawa sipendi akushike. Vuli hii imeanza na hasira. Hapa jiwe la nyuma ya nyumba linatiririka mchana na usiku, kuku wamehamia uvunguni. Watu wanasema mvua imekuja kutuosha tuingie Uhuru tukiwa safi. Mimi naona imekuja kutuzamisha.

Siku ile wodini, baada ya kupasuliwa, uliandika kwenye kibao, "Nje ilikuwaje?", Getruda akakunyang'anya chaki akasema upumzike. Nakujibu sasa. Yaliyokuwa ndani sikuyaona, Getruda amenisimulia.

Tulikaa chini ya dirisha, mimi na fimbo na Masalu, kwa mpangilio huo. Hakunisalimu. Nikasema, "Shikamoo, mkubwa." Akasema, "Kibuyu chako kina ufa." Kweli, kina ufa. Nikasema, "Ni umri." Akasema, "Siyo umri. Ulikidondosha."

Getruda akagonga kioo. Nikaanza wimbo wa kulima, taratibu, kama watu wanaoingia shambani na umande. Nikatupa, ukadaka. Sauti yako ilitoka imetetemeka, lakini ilitoka. Nikatupa tena. Masalu alikuwa ananitazama vidole kama mwewe. Nikaenda mistari mitano, sita, mpaka nikaanza kuona mbegu na udongo, nikasahau kisu. Getruda anasema Bwana Kimya alikuwa anatikisa kichwa kwa mapigo, na tangu azaliwe hakuna aliyemwona akifanya hivyo.

Ndipo nikatupa na hukudaka.

Nikatupa tena. Hamna. Ndani kukawa na sauti ya vyuma tu, halafu navyo vikanyamaza. Nikamsikia daktari akisema, "Aongee." Getruda akasema, "Mwalimu, ongea. Wilhelmina, ongea." Anasema macho yako yalikuwa wazi, machozi yanaingia masikioni, mdomo umefunga kama mlango.

Uliniambia nisiache kutupa. Niliacha. Mkono wangu ulikuwa hewani na kijiti, haukushuka. Nilisikia ule ukelele wa miaka minne, nikajua sasa na huyu nimemuua. Nilijikojolea kidogo, uwe unajua, mumeo hafichi kitu.

Masalu akaninyooshea fimbo ubavuni. "Piga."

"Siwezi."

"Piga, mbwa wewe."

"Masalu, siwezi."

Akasimama. Unajua anavyosimama, fimbo kwanza, mguu mzima, halafu anauvuta ule mwingine. Akashika nondo za dirisha, akaweka mdomo palepale, akapiga kelele kama kiongozi wa safu anavyomkemea mlimaji aliyebaki nyuma, lakini hakumwambia Chenge akuambie. Alikuita wewe. Kwa jina.

"Wilhelmina! We Wilhelmina! Umeachwa nyuma! Safu yako imejaa magugu! Wanaume wamefika kwenye kichuguu, wewe bado uko mlangoni! Kwenu hamkufundishwa kushika jembe?"

Mkwe na mke wa mwanawe! Msaidizi aliyekuwa anapita na beseni alisimama akasahau anakwenda wapi. Na ndani nikasikia kitu kama kikohozi, halafu wewe, sauti imepasuka vipande: "Ninakuja, baba."

"Sikusikii!"

"Ninakuja, baba!"

"Unakuja na nini? Unakuja na kijiko?"

"Nakuja na jembe!"

Getruda anasema Bwana Kimya alicheka nyuma ya kitambaa chake, akasema, "Nimeuona," akimaanisha ule uzi, akasogeza kisu. Mlikwenda hivyo. Alikutukana kwenu, alinitukana mimi babu yako, alisema ulipikiwa ugali wa mavumbi, na kila tusi ulilijibu. Mkono wangu ukashuka wenyewe. Nikampigia. Mgika akampigia Mgalu. Mganga wetu kama ananiona huko kaburini amejigeuza.

Ilipokwisha Masalu aliketi. Akasema, "Nimemwita jina lake." Nikamwambia, "Utatozwa mbuzi." Hakucheka. Akasema, "Na kama ndilo la mwisho alilolijibu?"

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Siku ya pili uliamka na sauti kama ya karatasi, siku ya tatu hata karatasi haikuwepo. Bwana Kimya anasema ni uvimbe, usiongee mpaka mwisho wa mwezi, labda itarudi, labda haitarudi. Maneno yake ni machache, lakini angeweza kuipunguza ile "labda" ya pili.

Unalala chali? Niandikie. Kwa kuandika hukukatazwa.

Nkwabi

*

Ilemela
19 Novemba 1961

Wilhelmina,

Sijapata jibu. Gatini wanasema boti ya Kamanga haikuvuka siku sita, ziwa limepanda limemeza mahali pa kufungia kamba, na upande wenu barabara imekatika. Najua. Lakini bibi yako anakwenda gatini kila jioni na kurudi bila kusema neno, na nyumba yenye Teodora asiyesema ni nyumba ya msiba.

Kuku sijui. Habari za nyumbani sizijui.

Juzi waliniita nipige, kijana wa mguu. Nilimuuliza kwanza kwao ni wapi, na anataka wimbo gani, na upi hataki kuusikia. Getruda akasema, "Mzee, unachelewesha." Nikamwambia asubiri. Kijana akachagua wimbo wa kanisani ambao siujui, ikabidi anifundishe huku anashonwa.

Mwezi haujaisha, najua hutakiwi kujaribu. Lakini kama umejaribu, nami hujaniambia kwa sababu haikutoka, basi niambie. Mimi ni mzee, naweza kuogopa jambo moja kwa muda mrefu, ila siwezi kuogopa mawili kwa pamoja.

Babu yako

*

Sengerema
6 Desemba 1961

Babu, shikamoo, na bibi shikamoo.

Barua zako mbili zimefika siku moja, zimelowa, ya kwanza nimeikausha juu ya chungu. Msamehe mwenye boti. Mtoni hapa maji yamefika mahali ambapo Mzee anasema hajawahi kuyaona.

Nalala chali. Usiku wa kwanza Chenge hakulala, alikuwa akiniamsha kuuliza kama nimekufa.

Sikujaribu kabla. Nilihesabu siku kwa maharage, na zilipokwisha nikaongeza mbili kwa woga. Kila asubuhi nilifungua mdomo, nikaufunga. Mzee alipita mlangoni, hakuuliza. Alikohoa tu kunipa nafasi, nami nikampigia sufuria kwa mwiko kumwambia bado.

Jana nilitoka nje mvua ilipopumzika. Chenge alikuwa ng'ambo ya korongo na ng'ombe, korongo limejaa linaunguruma, na hakuona kwamba ndama mweupe amebaki ukingoni, udongo unamong'onyoka chini yake. Hapakuwa na mtu mwingine. Sikuwa na sufuria mkononi.

Babu, siyo ile sauti. Ni nzito, ina mikwaruzo, kama ya mwanamke mwingine aliyenizidi miaka ishirini. Nilipoisikia niligeuka kutazama ni nani aliyesimama nyuma yangu.

Lakini nilimwita Chenge mara moja tu, na maji yote yale katikati yetu, akageuka.

Wilhelmina